Mama Alihesabiwa Shamba

Ukitaka kuniudhi, niambie kwamba majirani wa mama yangu ni watu wa huruma. Huruma ni ya paka aliyenyeshewa. Wanawake wale wa Kibugu hawakumhurumia Mama hata siku moja. Walimwingiza kwenye zamu yao ya kuchuma majani chai, wakamhesabu kuwa shamba kama mashamba mengine, nami nikairudisha kazi yao kwa mgongo wangu kila Jumamosi, nikiwa na shahada yangu ya ualimu na viganja laini. Najivunia jambo hilo kuliko shahada, na sitaomba radhi.

Nieleze kwanza zamu yenyewe. Kwetu huku juu, karibu na msitu wa mlima, kila familia ina kipande chake cha chai, na mtu mmoja hawezi kukimaliza peke yake kabla majani hayajawa magumu na kukataliwa kwenye kituo cha kununulia chai. Kwa hiyo wanawake wa kijiji chetu huzunguka. Leo wote wako kwako, kesho wote wako kwa jirani, na siku ya kazi hulipwa kwa siku ya kazi. Sheria haina msamaha: usipoweza kwenda kwa mwenzako, utume mtu. Usipotuma mtu, zamu yako inarukwa na chai yako inazeeka ukiitazama. Mama alikuwa katika kikundi hicho tangu nikiwa mtoto. Amechuma kwa wagonjwa, kwa waliojifungua, kwa waliofiwa, na hata kwa jirani mmoja ambaye kwa muda mrefu walikuwa hawasalimiani.

Kikapu cha chai Mama hakukibeba mabegani kama wafanyavyo vijana. Alikibeba kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni. Kwa mukwa huohuo alibeba kuni, maji, viazi, na siku moja mlango mzima wa mbao kutoka sokoni, ambao ndio mlango wa nyumba yetu mpaka leo. Ukanda ulimwachia mfuo kwenye paji. Wanawake wengi wa rika lake wanao. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiupitishia kidole, naye akijifanya amekasirika.

Ndiyo maana tulikosea, na tulikosea kijiji kizima. Alipoanza kuinama mbele, tukasema ni mukwa. Hatua zake zilipokuwa fupi na za kuburuta, tukasema mtu aliyebeba mizigo miaka yote hiyo mlitaka atembee kama polisi kwenye gwaride? Shingo ilipokakamaa, mukwa. Hata mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, alipatikana mjuzi wa kusema kwamba ni mishipa ya shingo iliyobanwa na mukwa, tukampaka mafuta ya kuchua. Uso wake nao ulikuwa umenyamaza, haucheki wala haununi, na wasiomjua vizuri wakadhani anaringa. Kwingine mzee akiinama hivyo angepelekwa hospitali. Kwetu, kuinama kulikuwa cheti cha kazi.

Daktari wa mjini Embu alimwambia anyooshe mikono, agonganishe vidole, atembee hadi mlangoni na kurudi. Kisha akatuambia kwamba ni ugonjwa wa Pakinsoni, ugonjwa wa ubongo. Hauponi lakini unatunzika, dawa zake zina saa zake, na mgonjwa anahitaji mtu karibu. Nililitamka jina hilo kijijini, likapita kwenye ndimi zetu za Kiembu, likatoka “Pakithoni.” Sasa, thoni kwetu ni aibu. Haikupita muda habari ikaenea kwamba Mama ana ugonjwa wa aibu, na wengine wakaanza kujiuliza aliupatia wapi. Nilikasirika mpaka nikataka kwenda nyumba kwa nyumba na ubao na chaki. Mama alinisikiliza nikifoka, halafu akasema, kwa sauti yake iliyokuwa imeanza kufifia, kwamba mtetemeko anao, lakini thoni hana, na anayeitafuta akaitafute kwake mwenyewe. Maneno hayo nayo yalienea, tena kwa kasi kuliko yale ya kwanza.

Kisha akaanguka jikoni, karibu na mafiga. Mungu alisaidia hakuungua, ila bega liliumia. Baba alifariki zamani. Mimi nafundisha Kiswahili Siakago, kule chini kwenye joto, na nyumbani hufika mwisho wa wiki. Nilikuwa nimejaribu kumhamishia kwangu, akakaa siku chache akasema jua la Siakago linamkaanga bila mafuta. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nairobi, alipopata habari za kuanguka alipiga simu akasema sasa imetosha. Ana nyumba yenye maji ya moto, ana mke mwema, atatafuta mtu wa kukaa na Mama mchana. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili atakuja kumchukua. Kaka si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumjibu. Kila alilosema lilikuwa na akili ndani yake, na mimi ambaye siku za kazi sikuwapo ningesema nini?

Nilipomweleza Mama, aliniambia kwa Kiembu neno ambalo sijalisahau.

“Nimebeba mizigo maisha yangu yote,” alisema. “Sasa mnataka nitoke hapa nikiwa mzigo.”

Basi mwaka ule nyumbani kwetu kulikuwa na swali moja tu: Mama atabaki kwake au ataondoka. Tulilala nalo na kuamka nalo.

Mama mwenyewe alituma ujumbe kwa kikundi wamtoe kwenye zamu, kwa kuwa hawezi tena kwenda kwa wenzake na hataki kuchumiwa bure. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng’ombe ng’ambo ya bonde, alikuja Jumamosi moja nikiwepo. Nilimwekea chai, nikamwanzia kwa Kiswahili cha kusoma risala, nikimshukuru kwa huruma yao na moyo wao wa kusaidia wazee. Aliniacha nimalize. Alikunywa chai yake taratibu, akaweka kikombe chini, akanijibu naye kwa Kiswahili, labda ili nisije nikasingizia kwamba sikusikia.

“Mwalimu, sisi hatukujangi kusaidia. Sisi tunakuja shamba. Cucu ni shamba.”

Cucu ni bibi, na ndivyo kijiji kizima kilivyomwita Mama. Sikuelewa, ikabidi anieleze. Walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba kumwogesha Mama, kumpikia, kumpa dawa na kushinda naye ni kazi ya siku, sawa na kuchuma kwa mtu. Atakayekuwa kwa Mama siku hiyo atahesabiwa kuwa amefika shambani, na zamu yake ikifika wenzake watamchumia kama kawaida. Kilichobaki ni upande wetu. Sheria ni ileile, mwenye shamba asipoweza kwenda kwa wenzake lazima atume mtu. Hapo akanitazama, kuanzia viatu kwenda juu.

Mama, ambaye uso wake siku hizo ulikuwa haucheki, alitoa sauti fulani kooni. Nilijua ni kicheko kwa sababu nimekisikia tangu nizaliwe. Akakubali palepale. Msaada alishaukataa, wa kanisa na wa watu wengine, akisema wapewe wasio na kitu. Lakini zamu aliijua, na sheria zake ni yeye aliyesaidia kuzitunga.

Walimtunza kama wanavyotunza chai, yaani kwa ukali. Walijifunza kwamba dawa ya asubuhi hutangulia chakula, na kwamba kabla haijashika hakuna kumharakisha. Saa walizipima kwa redio: taarifa ya habari ya mchana ikianza, tembe iwe imeshapita kooni. Walijifunza kumpa uji akiwa ameketi wima, kidevu chini, ili asipaliwe. Waling’oa vifungo vya sketi zake wakatia lastiki. Mume wa mmoja wao alichimbia miti kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, akaiunganisha kwa fito ndefu za kushikilia mpaka ua wetu ukafanana na zizi, na chooni akajenga kiti cha mbao. Aliyemwacha akae na nguo mbichi alisemwa mbele ya wote, kama anavyosemwa mtu anayechuma majani manne badala ya mawili na chipukizi. Mimi mwenyewe nilisemwa kwa kumvalisha kandambili, na nilistahili, kwa sababu zilikuwa zikimkwaza.

Nami nikawa mtu wa kutumwa. Ijumaa nilitoka Siakago na marundo yangu ya insha, na Jumamosi alfajiri nilikuwa ndani ya ukungu wa Kibugu na kikapu cha Mama mgongoni na mukwa wa Mama kwenye paji. Wanawake walinifurahia sana. Hawakuwa wamepata kichekesho kama mimi kwa muda mrefu. Nilichuma majani magumu, karani wa kituo akayatoa mojamoja akiyashika kwa vidole viwili. Mmoja akaniambia nimezoea kusahihisha, na majani hayasahihishwi. Mwingine akauliza kama huko Siakago chai inachumwa kwa kalamu. Shingo yangu ilikauka hivi kwamba Jumapili kanisani nilishindwa kugeuka kuona nani amechelewa, na hiyo kwangu ni adhabu kubwa. Lakini nilijua kwamba kila konzi niliyotia kikapuni ilikuwa imeshalipwa Jumanne kwa maji ya moto na sabuni. Nilitembea kijijini na mstari mwekundu kwenye paji, na sikuufunika kwa kitambaa.

Adui mkubwa wa Mama alikuwa mlango. Uwanjani aliweza kutembea vizuri, dawa ikiwa imeshika, lakini akifika kizingitini miguu iliganda, na kumvuta ni kumwangusha. Jumamosi moja nilirudi kutoka kituoni nikamkuta hapo, amekwama, na jirani wa zamu amesimama kando yake akimsubiri, maana walikuwa wamejifunza kutomvuta. Nilivua mukwa ili nitundike kikapu msumarini. Mama akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimshike. Akausukuma mkono wangu, akasema, “Mukwa.”

Niliona ajabu, lakini ni nani kwetu aliyewahi kubishana na Mama akashinda. Nikamvisha. Ukanda ukaingia kwenye ule mfuo wa paji, kikapu kitupu kikakaa mgongoni. Akainamisha kichwa kidogo, kama anayepima uzito, kisha akavuka kizingiti, mguu huu, mguu ule, hadi kwenye mparachichi, akasimama. Jirani alikaa kwenye nyasi akalia. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ule mukwa tulioushtaki kwa kila kitu ndio uliomtoa mlangoni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali hakushangaa. Alituambia kwamba wako wanaovuka kwa kufuata mistari iliyochorwa sakafuni, wako wanaovuka kwa kuhesabu au kwa wimbo, na mwili wa huyu umejitafutia njia yake. Akaonya kikapu kiwe kitupu siku zote, mtu awe kando, na tusije tukadhani dawa sasa si lazima. Zilikuwepo siku ambazo hata mukwa haukufua dafu, na Mama alingoja mlangoni mpaka miguu ikakubali yenyewe. Sisemi kwamba ni muujiza. Nasema tu kwamba hakuna aliyemshauri avae mukwa, aliutaka mwenyewe.

Desemba ikafika na kaka akafika nayo, Jumamosi mchana. Alikuwa amejiandaa kama mtoto mwema. Kiti cha nyuma cha gari alikuwa amekitandika blanketi mpya, nene, na mto wa kuegemea. Wanawake walikuwa wakichuma kwa jirani wa chini yetu. Mimi siku hiyo sikwenda, kwa ajili ya kaka. Walipoona gari walipanda hadi kwetu na vikapu vyao mgongoni, wakasimama uani. Kaka aliwasalimia mmoja mmoja kwa heshima, kisha akawashukuru wote kwa huruma yao. Nikamwona mwenyekiti ananitafuta kwa macho. Nikatazama kuku.

Ndani, kaka aliketi karibu na Mama, akamshika mkono unaotetemeka, akamwambia taratibu kwamba chumba kiko tayari na dirisha lake linapata jua la asubuhi. Mama alishika mikono ya kiti, akajiinua kwa shida, akaanza kuelekea nje. Kaka alifurahi, akidhani anaelekea garini. Walipofika mlangoni, miguu ikaganda. Dawa ya mchana ilikuwa haijashika bado. Mkono wake ukawa unagonga fremu ya mlango, ule mlango alioubeba mwenyewe kutoka sokoni, na kila mtu uani alisikia.

Kaka hakusema kwa kushinda. Alisema kwa uchungu.

“Mnaona wenyewe,” alisema.

Tuliona. Nilijua kwamba asipovuka, mimi mwenyewe ndiye nitakayezikunja nguo zake, kwa sababu siwezi kushindana na mtoto anayemwogopea mama yake. Nilitaka kuurukia mukwa pale msumarini. Mwenyekiti akanitikisia kichwa kutoka uani, kwamba nitulie. Tukangoja. Ng’ombe wa jirani alilia, akanyamaza, na sisi bado tunangoja.

“Mukwa,” Mama akasema.

Kaka alinigeukia kuuliza anataka nini. Nilipouchukua na kumvisha, alinyoosha mkono kunizuia, mgonjwa gani anabebeshwa kikapu? Nikamwambia kitupu. Mama akainamisha kichwa, akapima, akavuka. Aliteremka ngazi ile moja, akashika fito, akatembea. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na blanketi ikionekana. Akaupita bila kuutazama. Alikwenda hadi pale walipokuwa wanawake, akasimama katikati yao. Yeye ameinama, nao wameinama chini ya vikapu vyao, na asiyewajua asingeweza kusema mgonjwa ni yupi.

Nilijivuna siku ile mpaka nikaogopa. Nilimjivunia yeye, nikawajivunia wao, na kidogo nikajivunia shingo yangu.

Kaka aliegemea gari kwa muda. Kisha akamwendea mwenyekiti, akamuuliza swali la haki, ambalo hata mimi lilikuwa likininyima usingizi: ugonjwa huu hausimami, itakuwaje siku ambayo Mama hataweza kuamka kabisa?

“Akilala tutakuja kitandani,” mwenyekiti akamjibu. “Shamba haliendangi kwa wachumaji. Wachumaji ndio wanakuja.”

Mama ndiye aliyetangulia kusogea. Alivua mukwa pole pole, mkono ukitetemeka, mimi nikikishika kikapu kisianguke, akamnyooshea kaka. Akamwambia kwamba leo kazi ni kwa jirani, dada yako hakwenda kwa sababu yako, kwa hiyo shamba hili halijatuma mtu. Kaka alicheka akidhani ni utani. Akatutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka naye.

Aliingia kwenye chai ya watu na viatu vya Nairobi. Sitaeleza yote, ni kaka yangu na ana watoto wakubwa. Nitasema tu kwamba karani alirudisha nusu ya majani yake, na kwamba mwanamke aliyewahi kuniuliza habari za kalamu alimuuliza kama Nairobi chai inachumwa kwa simu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, palikuwa na mchumaji mbaya kuliko mimi. Nilimpenda sana kaka yangu mchana ule. Mama alikuwa amewekewa kiti mwisho wa mstari, na dawa ilipokwisha kushika alimwambia mara kadhaa kwamba anaacha chipukizi nyuma.

Jioni aliaga. Gari likiwa tayari linanguruma, alijitazama kwenye kioo, akasugua paji lake, pale ambapo mukwa ulikuwa umemwachia mstari mwekundu. Akaniuliza alama hiyo hutoka lini.

“Yangu hutoka Jumatatu,” nikamwambia. “Ya Mama haitoki.”

Akazima gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaitoa ile blanketi na ule mto, akavipeleka ndani, akamtandikia Mama kitanda chake.